Mbuzi kwenye Gunia: Pasi ya Msimu na Milima ya Skii Iliyonunuliwa na Kampuni Kubwa

Mwezi Machi, theluji ya msimu unaomalizika ikiwa bado imelala mlimani, kampuni ya Vail Resorts, inayomiliki vituo vya skii, huanza kuuza pasi za msimu ujao, yaani kibali cha kuteleza msimu mzima kinacholipiwa mara moja. Kwa msimu wa 2025-26, Epic Pass kamili ilianza kwa dola 1,051. Ikon Pass ya mshindani wake, Alterra, ilianza kwa dola 1,329. Mwishoni mwa Mei bei hupanda, mwanzoni mwa Septemba hupanda tena, na mapema Desemba mauzo hufungwa. Aliyechelewa hubaki na tiketi ya siku, ambayo kwenye mlima wa Vail, Colorado, ilifika dola 329 katika siku za kilele za msimu wa 2024-25.

Mnunuzi wa Machi hajui kama theluji itaanguka Novemba au itachelewa hadi Januari. Hajui lifti ngapi zitazunguka wala njia ngapi zitafunguliwa. Hajui kama mafundi na waokoaji watatosha. Masharti ya pasi hayamwahidi hata kimoja kati ya hivyo. Ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na fedha zake zinaingia benki miezi minane kabla hajavaa buti.

Malalamiko dhidi ya kampuni zinazomiliki vituo vya skii Marekani ni mengi: bei, foleni, maegesho, chakula ghali, miji ya milimani ambayo wafanyakazi wake hawawezi kupanga nyumba. Kwa maoni yangu, makubwa kati ya hayo yana mzizi mmoja. Zamani hatari ya msimu mbaya ilibebwa na mwenye mlima. Pasi imeihamishia kwa mtelezaji, na kampuni ikishalipwa mapema hubaki na sababu ndogo sana ya kugharamia watu wanaoufanya mlima ufunguke.

Kwa ambaye hajawahi kufika huko: kituo cha skii ni mlima wenye viti vinavyoning'inia kwenye kamba nene ya chuma. Viti vinakupandisha, unateleza kushuka, unarudi kwenye foleni. Unacholipia ni lifti, pamoja na kazi yote inayofanywa usiku na alfajiri ili kushuka kuwe salama. Kazi hiyo haionekani na mteja, ndiyo maana ni rahisi kuipunguza kimyakimya.

Pasi rahisi ilianzia kwa wasiotafuta faida

Pasi ya bei ya chini haikubuniwa na Vail. Mwaka 1998 kituo cha Bogus Basin, kilicho juu ya mji wa Boise, Idaho, na kinachoendeshwa bila kutafuta faida, kilishusha pasi ya msimu kutoka takriban dola 500 hadi dola 199. Watu waliinunua kwa maelfu. Mwaka huohuo Winter Park, Colorado, ilitoa pasi kwa makundi ya watu wanne, dola 200 kwa kila mmoja, na vituo jirani vikalazimika kuifuata bei hiyo. Wenyeji wa Denver walifaidi kweli.

Vail ilikuja baadaye ikiwa na hesabu nyingine. Mlima ulifunguliwa Desemba 1962 na Pete Seibert na Earl Eaton. Seibert alikuwa askari wa Divisheni ya 10 ya milimani aliyejeruhiwa Italia katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1985 ulinunuliwa na George Gillett. Biashara zake zilipozama kwenye madeni, kampuni ya uwekezaji ya Apollo ikauchukua mwaka 1992, na mwaka 1997 hisa zikaanza kuuzwa New York. Rob Katz, aliyetoka Apollo, akawa mtendaji mkuu mwaka 2006. Mwaka 2008 akatoa Epic Pass kwa dola 579, bila kikomo cha siku, kwenye milima yote ya kampuni.

Ili kuelewa kwa nini alikubali kuuza kwa bei ile, tazama yaliyowapata wengine. American Skiing Company iliingia soko la hisa mwaka 1997, ikakopa sana kujenga hoteli na nyumba za kuuza chini ya milima, na kufikia 2007 ilikuwa imeuza karibu kila kilima ilichokuwa nacho. Msimu mmoja wa theluji haba ulitosha kuikausha kampuni ya aina hiyo, kwa sababu mapato yalitegemea tiketi za siku na majumba. Pasi iliyolipwa mapema inaondoa tatizo hilo. Leo karibu asilimia 75 ya ziara za watelezaji kwenye vituo vya Vail huwa zimelipiwa kabla msimu haujaanza. Mvua inyeshe Krismasi, fedha zimeshaingia.

Kuanzia hapo kununua milima kukawa njia ya kuuza pasi. Afton Alps karibu na Minneapolis na Mt. Brighton karibu na Detroit zilinunuliwa mwaka 2012, na Wilmot, kati ya Chicago na Milwaukee, mwaka 2016. Ni vilima vidogo, lakini jirani zake ni mamilioni ya watu wanaoweza kununua pasi, wateleze nyumbani Jumanne jioni kisha waruke Colorado mwezi Februari wakalale kwenye hoteli ya kampuni. Whistler Blackcomb, Kanada, ilifuata mwaka 2016, Stowe mwaka 2017, na mwaka 2019 vilima 17 vya Peak Resorts kwa mpigo mmoja, kwa dola milioni 264. Sasa kampuni ina vituo 42 katika Marekani, Kanada, Australia na Uswisi. Alterra ilizaliwa mwaka 2017 kwa muungano wa KSL Capital Partners na Henry Crown and Company, ikaanza kuuza Ikon mwaka 2018. Yenyewe haiko kwenye soko la hisa, kwa hiyo hesabu zake hazichapishwi.

Kwa kilima kidogo, ubaya wa mpango huu ni kwamba thamani yake haipimwi tena kwa faida yake yenyewe. Kinapimwa kwa idadi ya pasi zinazouzwa mjini kwake. Pasi zikishauzwa, kila saa ya ziada ya kufungua ni gharama tupu. Ndiyo maana msimu wa 2021-22 vilima kadhaa vya Kati-Magharibi vilipunguziwa siku na saa za usiku, ilhali wanafunzi na wafanyakazi wa mjini huteleza usiku hasa.

Foleni ni hesabu

Watu hudhani lifti ya kasi hupandisha watu wengi zaidi. Sivyo. Kiti kilichofungwa moja kwa moja kwenye kamba husafiri takriban mita 2.5 kwa sekunde. Kiti chenye kishikio kinachoachia kamba stesheni husafiri mita 5. Lakini idadi ya watu kwa saa inategemea nafasi ya muda kati ya kiti na kiti, pamoja na viti vingapi vimejaa. Lifti ya watu wanne inayopitisha kiti kila sekunde 6 hupandisha viti 600 kwa saa, yaani watu 2,400, iwe ya kasi au ya polepole. Lifti ya watu sita kwa muda huohuo hupandisha 3,600.

Chukua foleni ya watu 600 mbele ya lifti ya wanne. Viti vikijaa, wa mwisho anasubiri dakika 15. Viti vikiondoka na watu watatu kwa wastani, lifti inapandisha 1,800 kwa saa na kusubiri kunakuwa dakika 20. Tofauti hiyo haitokani na mashine. Inatokana na mhudumu mmoja au wawili wanaosimama penye makutano ya foleni wakihesabu: wawili hapa, mmoja kutoka foleni ya walio peke yao, mwingine pale, panda. Mhudumu akikosekana, familia zinapanda mbili mbili na viti vinaondoka vitupu nusu. Kumuondoa kunaokoa mshahara wa mtu mmoja na kunawaibia mamia ya watu dakika tano kila mzunguko. Kwa mtu anayepanda mara 10 kwa siku, hizo ni dakika 50.

Lifti ya kasi inafanya jambo lingine: inakufikisha juu kwa nusu ya muda, kwa hiyo unarudi chini mapema zaidi. Kila mtu anapanda mara nyingi, njia zinasongamana, na foleni inajijaza tena. Kampuni inaposema imewekeza kwenye lifti mpya inasema kweli. Kwa msimu wa 2022-23 Vail ilipanga kujenga takriban 20, kwa zaidi ya dola milioni 300. Ila lifti mpya haipunguzi watu mlimani. Kinachowapunguza ni kikomo cha pasi, na juu ya kikomo hicho kampuni hazipendi kuzungumza. Vail imeweka kikomo kwenye tiketi za siku, lakini siyo kwenye pasi zenyewe.

Kuna na lifti zinazosimama. Kwenye kila mnara kuna safu ya magurudumu madogo yanayobeba kamba, na pembeni yake swichi nyembamba iliyowekwa makusudi ivunjike: kamba ikiruka kutoka kwenye magurudumu inaivunja, na lifti inazima. Swichi hizo zimeungwa kwa waya mmoja unaopita minara yote. Barafu ikiingia kwenye kiungo kimoja, au waya ukichubuka kwa upepo, lifti nzima inakataa kuwaka, na ni sawa ikatae. Fundi lazima apande mnara baada ya mnara hadi aone hitilafu. Kituo chenye mafundi wanne hugawana minara. Chenye wawili huchukua muda maradufu, na lifti ya pili ikiharibika asubuhi ileile husubiri. Ukiona kibao cha "matengenezo" siku tatu mfululizo, mara nyingi kinachokosekana ni mikono au kipuri kilichotakiwa kuwa stoo tangu Septemba.

Stevens Pass, msimu wa 2021-22

Machi 2021 Vail ilipunguza bei ya pasi zake kwa asilimia 20, Epic Pass ikashuka kutoka dola 979 hadi 783. Ziliuzwa pasi milioni 2.1. Upande wa pili wa daftari, wafanyakazi hawakupatikana. Wanafunzi wa Amerika Kusini ambao kila mwaka huja kwa viza za muda kuendesha lifti na kupika walikuwa wachache kwa sababu ya korona, kodi za nyumba zilikuwa zimepaa, na mshahara wa kuanzia haukuwa umezifuata.

Stevens Pass, kituo kilicho mashariki ya Seattle, kilionyesha matokeo wazi kuliko kingine. Theluji ilikuwepo. Zaidi ya nusu ya mlima ilibaki imefungwa wiki baada ya wiki kwa kukosa watu. Waliokuwa na pasi walisongamana kwenye lifti chache zilizozunguka, na maegesho yakajaa alfajiri. Watu zaidi ya 40,000 walitia sahihi malalamiko ya kudai kampuni iwajibike, na wengine wakaandika kwa mwanasheria mkuu wa jimbo la Washington. Machi 2022 kampuni ilitangaza kwamba mshahara wa chini Amerika Kaskazini ungekuwa dola 20 kwa saa. Fedha za kufanya hivyo zilikuwepo mwaka mmoja kabla. Kilichokosekana ni kitu cha kuilazimisha.

Kabla lifti ya kwanza haijazunguka

Theluji ya mashine inahitaji baridi na hewa kavu kwa pamoja. Mafundi hawasomi kipimajoto cha kawaida. Hutumia kipimo kinachohesabu na unyevu wa hewa, na kisiposhuka hadi takriban nyuzi 2 chini ya sifuri hawawashi kitu. Mapema Desemba dirisha hilo linaweza kuwa saa sita tu, kutoka saa tano usiku hadi alfajiri. Kufunika hekta moja kwa kina cha sentimita 30 kunahitaji mita za ujazo 3,000 za theluji, yaani takriban mita za ujazo 1,200 hadi 1,500 za maji. Timu lazima iwe imeshafika, mabomba yawe yamejaribiwa, bunduki za theluji ziwe zimeelekezwa. Bunduki isiposogezwa hutengeneza kilima kimoja cha barafu mahali pamoja huku njia iliyobaki ikiwa nyasi. Kampuni ikianza kuajiri timu hiyo wiki mbili baadaye ili kuokoa mishahara, usiku tatu nzuri za baridi zinapita bure, na ufunguzi unasogea hadi baada ya Krismasi.

Kisha kuna waokoaji wa mlimani. Wengi huwaona wakivuta machela ya theluji yenye majeruhi, lakini sehemu ngumu ya kazi yao huisha kabla mteja hajaegesha gari. Usiku wa theluji nyingi wanaamka kabla ya mapambazuko, wanapanda wawili wawili kwenye matuta yaliyopangwa, na kurusha baruti za takriban kilo moja kwenye miteremko inayoweza kuporomoka. Utambi unawaka sekunde 90 hivi. Katika muda huo wote wawili lazima wawe wamejificha nyuma ya tuta. Wakimaliza wanapima kama mteremko umetulia, wanaweka kamba na alama kwenye miamba, wanakagua mito ya kinga kwenye nguzo za lifti. Jioni wanashuka wa mwisho, wakipekua kila njia kuhakikisha hakuna aliyebaki.

Kwa hiyo eneo moja la mlima lina idadi yake ya chini ya waokoaji. Wawili wakikosekana, eneo halifunguliwi, hata kama theluji ni bora kuliko ya muongo mzima. Hakuna meneja mzoefu atakayelifungua kwa kubahatisha.

Park City, Utah, ilithibitisha hilo. Tarehe 27 Desemba 2024, katika wiki yenye watalii wengi kuliko zote, waokoaji wapatao 200 wa chama chao waligoma. Walidai mshahara wa kuanzia upande kutoka dola 21 hadi 23 kwa saa, katika mji ambao chumba cha kupanga humeza mshahara huo. Kampuni ilileta waokoaji na wasimamizi kutoka vituo vyake vingine. Haikutosha, kwa sababu mtu anayejua maporomoko ya Colorado hajui ni mteremko gani wa Park City hupasuka upepo ukitoka magharibi. Sehemu kubwa ya mlima ilibaki imefungwa huku theluji ikianguka. Familia zilizolipa maelfu ya dola kwa nauli na hoteli zilisimama foleni za saa nzima na zaidi. Mgomo uliisha tarehe 8 Januari 2025, waokoaji wakipata zile dola 2 za kuanzia na ongezeko la wastani wa takriban dola 4 kwa saa.

Piga hesabu ya kile kilichokataliwa. Dola 2, watu 200, saa 40 kwa wiki, wiki 20: dola 320,000 kwa msimu. Ukiweka na nyongeza za wazoefu inakuwa maradufu au kidogo zaidi. Miezi mitatu kabla ya mgomo, Septemba 2024, kampuni hiyohiyo ilikuwa imewatangazia wenye hisa mpango wa kupunguza gharama kwa dola milioni 100 kwa mwaka. Watelezaji wa siku za mgomo walipewa salio la asilimia 50 la kutumia msimu uliofuata. Hawakupewa fedha taslimu. Baadhi yao wakaenda mahakamani. Mei 2025 mtendaji mkuu Kirsten Lynch aliondoka na Katz akarudi. Hisa, zilizokuwa zimevuka dola 300 mwaka 2021, zilikuwa zimeshuka hadi karibu nusu ya hapo. Ninalitaja hili la hisa kwa sababu linavunja utetezi unaotolewa mara nyingi, kwamba ukali huu ni kwa faida ya wawekezaji. Wawekezaji nao hawakufaidi.

Anayefaidi na anayeumia

Haki isemwe. Mkazi wa Denver anayeteleza siku 20 kwa pasi ya dola 1,051 analipa chini ya dola 53 kwa siku. Analalamikia foleni, lakini mwaka unaofuata ananunua tena, na ana sababu.

Anayeumia ni anayetaka kujaribu. Familia ya Waswahili iliyohamia Denver au Salt Lake City, baba, mama na watoto wawili, haiwezi kununua pasi nne mwezi Mei kwa ajili ya mchezo ambao haijui kama itaupenda. Ikisubiri hadi Januari, tiketi za wazazi wawili peke yake kwa siku ya kilele kule Vail, kwa bei ya msimu wa 2024-25, ni dola 658, kabla ya kukodi buti, kulipia maegesho na kula. Bei ile ya dirishani haikuwekwa ili watu wainunue. Kazi yake ni kuwatisha wanunue pasi mapema. Ninaiona kuwa kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu mchezo usiopokea wageni unazeeka pamoja na waliomo.

Kwa familia hiyo zipo njia, na hazitangazwi vya kutosha. Watoto wa chekechea hadi darasa la tano walio Colorado wanaweza kuandikishwa kwenye mpango wa watoto wa shule wa Vail wenyewe, unaotoa siku nne bila malipo katika kila kituo cha kampuni jimboni humo. Dirisha la kuandikisha hufungwa mapema, kwa hiyo fanya hivyo Septemba. Tiketi za siku za milima ya kampuni hizi zikinunuliwa kabla ya mapema Desemba huwa nafuu mno kuliko za dirishani. Indy Pass, iliyoanza mwaka 2019, hutoa siku mbili katika kila kituo cha orodha ndefu ya vituo huru, na kwa anayejifunza, kilima kidogo kisicho na foleni ni bora kuliko Vail.

Anayefikiria pasi kubwa afanye kazi ndogo kwanza. Gawanya bei kwa siku ambazo una hakika nazo, toa zile unazotamani tu. Ongeza maegesho, Park City hutoza na hutaka uweke nafasi mapema, ingawa gari lenye watu wanne au zaidi husamehewa. Kisha tafuta taarifa za kila siku za misimu mitatu iliyopita za mlima utakaoutumia zaidi, uandike lifti ngapi zilikuwa wazi tarehe 20 Desemba na 15 Januari, kati ya lifti zote. Mlima ambao Januari bado uko chini ya asilimia 80 katika mwaka wa theluji ya kawaida una upungufu wa watu, na punguzo la bei halitaurekebisha. Soma pia masharti ya kurudishiwa fedha: yameandikwa kwa ajili ya kuumia, kuugua, kupoteza kazi au kituo kufungwa. Lifti nane kati ya kumi kukosa wahudumu si kituo kufungwa. Machi 2020, vituo vilipofungwa vyote kwa korona, wenye Epic Pass walipewa punguzo la asilimia 20 hadi 80 la pasi ya mwaka uliofuata, si fedha. Ukijikuta kwenye hali ya Stevens Pass, hifadhi picha za taarifa za lifti zenye tarehe, iandikie kampuni, na nakala ipeleke kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo inayolinda walaji.

Mlima ni wa umma

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba Vail haimiliki mlima wa Vail. Upo ndani ya Msitu wa Taifa wa White River. Vituo 122 vya skii Marekani viko kwenye ardhi ya Idara ya Misitu, kwa vibali vinavyoweza kufika miaka 40 chini ya sheria ya 1986, na ada yake ni kati ya asilimia 1.5 na 4 ya mapato. Idara huchunguza lifti mpya, barabara, miti na wanyama. Ingeweza pia kudai kikomo cha watu kwa siku, idadi ya chini ya waokoaji, na taarifa ya wazi ya sehemu ya mlima inayofunguliwa kila siku. Mwenye kuazimwa ardhi ya umma kwa miaka 40 anaweza kuulizwa hayo, na wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni kila mradi mkubwa unapoombewa idhini.

Mji unaweza kusimama pia. Park City ilikuwa imefika mikononi mwa Vail kwa njia ya ajabu: mwendeshaji wa awali, Powdr, alichelewa siku chache kupeleka barua ya kuongeza mkataba wa ardhi mwaka 2011, na baada ya kesi ndefu Vail iliununua mlima mwaka 2014 kwa dola milioni 182.5. Mwaka 2022 kampuni ilitaka kubadilisha lifti mbili, Eagle na Silverlode. Wakazi walikata rufaa kuhusu maegesho na uwezo wa mlima kubeba watu, na tume ya mipango ikawaunga mkono. Vifaa vilivyokuwa vimeshaletwa vilipelekwa Whistler.

Na serikali kuu iliwahi kusimama. Vail ilipotaka vituo vitatu vya Colorado, Breckenridge, Keystone na Arapahoe Basin, kwa pamoja, Wizara ya Sheria iliiagiza mwaka 1997 iuze Arapahoe Basin, ili wenyeji wa Denver wabaki na mshindani. Mlima huo uliendelea kupokea pasi za Vail kwa mkataba, hadi mwaka 2019 ulipojitoa kwa sababu maegesho yake hayakuwatosha wote waliokuja. Ukapunguza pasi, ukaweka kikomo cha tiketi, na foleni zikafupika. Mwaka 2024 Alterra iliununua.

Wapo wanaojaribu umiliki mwingine. Mad River Glen, Vermont, ni mali ya ushirika wa watelezaji tangu 1995, na lifti yake ya kiti cha mtu mmoja mmoja ilikarabatiwa mwaka 2007 kwa michango. Powder Mountain, Utah, ilichukua njia ya kinyume chini ya Reed Hastings, mwanzilishi mwenza wa Netflix: umma unawekewa kikomo cha pasi, na baadhi ya lifti zimetengwa kwa wenye nyumba pale, jambo linalopunguza foleni kwa kuwaondoa watu kwenye mlima. Killington, Vermont, ilinunuliwa kutoka Powdr mwaka 2024 na wawekezaji wenyeji ambao wamekuwa wakishika pasi yake kwa miaka mingi. Jambo la kwanza waliloahidi ni mashine za theluji na lifti mpya ya watu sita kwenye mteremko wa Superstar. Ikon Pass bado inapokelewa pale, kwa kuwa hata mwenye mlima huru, kwa sasa, anahitaji wateja wanaoletwa na pasi hiyo.